Masera Aliyepima Pikipiki kwa Katekista

Alizaliwa wapi, ukoo gani, alivaa shela ya kitawa mwaka gani, hayo mkawaulize masista wenzake, wanapenda kuulizwa. Mimi naandika niliyoyaona, tena naandika mbiombio kwa sababu mjukuu amelala na muda si mrefu ataamka anidai. Bukavu nzima tulimwita Masera, yaani sista, basi, kana kwamba mji haukuwa na masera mwingine. Walikuwa wengi. Lakini ukisema "Leo Masera amekasirika," hakuna aliyeuliza yupi.

Alikuwa muuguzi wa dispensari ya misioni, chini kidogo ya lisee yetu, yaani sekondari ya wasichana. Karibu kila asubuhi alipanda pikipiki, au tukutuku kama tunavyosema, kwenda kuchoma watoto sindano huko Nyantende na mbele zaidi. Gauni alilikunja akalibana kwa pini kubwa za nepi, na shela yake iliruka nyuma kama kuku anayefukuzwa. Mabibi waliokuwa wakishuka na mizigo ya kuni walimsikia kabla hawajamwona, wakasogea pembeni. Hakuwa anaendesha ovyo. Ila aliamini kwamba barabara ni ya anayeipanda, na anayeishuka anapumzika tu.

Sikio lake sijaona mfano wake. Siku ya Bwana, padri akiwa katikati ya mahubiri, pikipiki ya mchelewaji ikifika nje Masera aliinamisha kichwa kidogo upande wa dirisha. Sisi wasichana tuliona, tukafinyana. Misa ikiisha alikuwa tayari langoni, mikono kiunoni, anamngoja mwenye nayo.

"Weye! Tukutuku yako inakunywa sana."

"Masera, unajuaje? Si ulikuwa unasali?"

"Nilikuwa ninasali. Mungu alisikia yangu, miye nikasikia yako. Leta buji."

Na mtu alifungua buji, ile plagi ya kuwashia injini, palepale, na suti yake ya Jumapili, akampa. Masera aliigeuza kwenye mwanga. Buji ikiwa nyeusi kwa masizi, injini inalishwa kupita kiasi. Ikiwa nyeupe kama mfupa, inaungua kwa njaa. Alichotaka yeye ni rangi ya ndizi iliyokaangwa vizuri. Hata kwenye dispensari alikuwa hivyohivyo. Ukija unaumwa tumbo, kabla hujaeleza: "Toa ulimi." Anauangalia, anakunja uso, na wewe unajiuliza kama atakupa dawa au atakubadilishia kitu.

Na kitu chenyewe alichopenda kubadilisha, mbele ya vyote, ni jigleri. Kwa asiyejua: ndani ya karburateri ya pikipiki kuna kidude cha shaba, kidogo kuliko kifungo cha shati, chenye tundu jembamba katikati. Petroli inayokwenda kuchanganyika na hewa hupita kwenye tundu hilo. Tundu likiwa kubwa, petroli inazidi. Likiwa dogo, hewa inazidi. Ndiyo hayo tu. Mimi lisee walinifukuza mwaka wa tano kwa sababu ya mimba, na fizikia niliyotoka nayo ni hiyo, lakini imenilisha kuliko Kilatini chote. Aliyenipa mimba hakufukuzwa popote. Alinioa, ni kweli, kisha akaenda Shabunda kutafuta dhahabu, na mpaka leo dhahabu haijamwona.

Wakati bado niko lisee, kulikuwa mjini na pikipiki tatu za aina moja, za kiwanda kimoja cha Japani, zote zimezeeka kiasi cha kustahili heshima. Moja ilikuwa ya baba yangu. Aliinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao, na yule Mbelgiji aliiagiza kutoka Brussels. Ya pili ilikuwa ya muuza vitambaa, imeshukia Mombasa ikaja kwa njia ya Kampala. Ya tatu ilikuwa ya dispensari yenyewe, imenunuliwa Bujumbura. Wanaume walikuwa wakibishana kila siku ipi ni bora. Wa Brussels alisema ya Wazungu ni ya Wazungu. Wa Mombasa alisema yake imeonja chumvi. Masera alichoka kuwasikiliza. Jumamosi moja, watu wakitoka Salongo, ile kazi ya lazima ya umma, na majembe yao begani, akaamuru zote tatu ziletwe kando ya ziwa, zipande mpaka lango la dispensari, kila moja na mzigo uleule.

Mzigo ulikuwa katekista. Alikuwa mtu mpole, mnene, na uzito wake haukubadilika Kwaresima wala Pasaka.

"Masera," alisema katekista, "miye ni mutu ya Kanisa. Siko mufuko ya simenti."

"Leo uko kilo. Panda."

Ya baba yangu ilianza kwa mbwembwe, lakini katikati ya mlima ikakohoa moshi mweusi, ikapunguza, ikapunguza, katekista akashuka akamalizia kwa miguu huku anafuta jasho, na watoto wakimwimbia. Ya Mombasa ilifika, ila ikinung'unika kama mzee anayeamshwa. Ya Bujumbura ilipanda vizuri kuliko hizo mbili, lakini nayo ilifika na moshi. Baba yangu alitaka kulia. Masera hakumjali. Alifungua karburateri zote tatu, akazipanga jigleri juu ya leso nyeupe, akatuita sisi wanafunzi tuangalie matundu. La Brussels lilikuwa kubwa kuliko yote. Hata jicho la kawaida liliona.

"Munaona? Hizi tatu zilizaliwa mu nyumba moja," alisema, "lakini kila moja walivalisha nguo ya kule itaenda. Huyu wa Brussels walimuvalisha koti. Kule iko baridi, inchi iko chini, hewa iko nzito kama bugali, inataka petroli mingi. Wa Mombasa walimuvalisha shimizi. Iko chini pia, lakini joto inapanua hewa. Wa Bujumbura, karibu na sisi, lakini bado chini yetu. Na weye wa Bukavu, uku mu milima, nani alikufikiria? Hakuna mutu! Hewa yetu iko nyembamba kama supu ya interna, ile munakunywa mu bweni. Hewa ikipungua, petroli nayo ipungue. Nguo yetu tutashona wenyewe."

Akatoa mkebe wake wa biskuti, akatafuta jigleri ndogo, akazivalisha zote tatu. Katekista akapandishwa tena, akibishana. Safari hii ya baba yangu iliruka mlimani kama mbuzi, na tulimsikia katekista akimwita Bikira Maria kutoka ziwani hadi langoni. Aliposhuka alisema hapandi tena mpaka parokia imlipe. Wiki iliyofuata, Masera alipopima pikipiki nyingine, alikuwa wa kwanza kufika ziwani.

Mkebe ule wa biskuti ulikuwa dhambi yake. Aliweka nadhiri ya ufukara, sawa, lakini jigleri hakumwazima hata askofu. Alizikusanya kutoka kila pikipiki iliyokufa kati ya hapa na Uvira, na Mamère, mkuu wa nyumba yao, alipouliza ndani kuna nini, alijibu bila kupepesa: "Medali, Mamère. Za watakatifu mbalimbali." Alikuwa na mambo kama hayo. Alikataza umbea kwa ukali kabisa, huku anajua pikipiki ya nani ililala nje ya nyumba ya nani. Aliomba uvumilivu kila asubuhi, na jioni unamkuta anapiga injini makofi. Aliishi kando ya ziwa miaka yote lakini akaogopa mtumbwi. Afadhali azunguke nusu siku kwa barabara ya mawe, na ukimcheka alisema, "Mu maji hakuna breki."

Kosa moja lilimkasirisha kuliko yote, na ni kosa letu sisi watu wa huku juu. Mlima unaimaliza pikipiki nguvu, basi mwenye nayo anasema ina njaa. Anachukua sindano au msumari mwembamba, anapanua tundu la jigleri, ili petroli iingie zaidi. Pikipiki inazidi kulegea. Anapanua tena. "Wanalisha mutu mwenye kuvimbiwa!" Masera alipiga kelele. Nilipojifungua nilielewa. Mama mkwe wangu naye: mtoto akilia, muongeze uji. Akitapika, muongeze, kwa sababu ametapika. Nilimpeleka mtoto kwa Masera na hasira yangu yote, mama mkwe nyuma yangu. Alimfungua kinywa, akamwangalia ulimi, akamgeukia mama mkwe:

"Huyu halii juu ya njaa, mama. Analia juu ameshiba. Kama unapenda kupika sana, pikia miye."

Mwanamke yule hakunisemesha siku kadhaa. Nilipumzika kabisa.

Sasa nije kwa Tonton. Baba, kabla hajafariki, alisema mbele ya mama na ndugu kwamba pikipiki ni yangu, mimi mtoto wake wa kwanza. Tonton, mdogo wake, akasema ataitunza "kwa muda". Ninyi mnajua muda wa namna hiyo. Alibebea mifuko ya makaa mpaka ikaishiwa nguvu, akasema ina njaa, akapanua jigleri na msumari. Ilipokuwa haipandi hata kilima cha Kadutu hapa mjini akatangaza kwamba imekufa, na siku ya kumaliza matanga, akiwa na abakosti yake, koti la wakubwa lisilovaliwa tai, iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, akaleta habari kwamba kuna mfanyabiashara wa Shabunda yuko tayari kuichukua.

Mimi wakati huo nilikuwa na mtoto mgongoni, mume hayupo, na mpango mmoja tu kichwani: kushuka Luberizi kuchukua mchele bondeni, kupanda nao, kuuza sokoni. Bila pikipiki ile ningebaki kukaa jikoni kwa mama mkwe mpaka nizeeke. Sikumwachia.

"Tonton, kama imekufa, yule wa Shabunda anataka kununua maiti?"

Wazee wakacheka. Tonton akavuta kola.

"Mwanamuke na tukutuku, wapi na wapi? Hata Nyangezi haitafika."

"Itafika Luberizi, na itarudi na mufuko ya muchele."

"Ikirudi na mufuko ya muchele," alisema, akiwaangalia wazee kama mwanasiasa, "beba. Ikikufia mu njia, ni yangu na sitaki kusikia tena kelele."

Wazee wakakubali. Nilitoka pale moja kwa moja nikaisukuma mpaka dispensari, mtoto akilala mgongoni. Masera alitoa jigleri, akaiinua akaitazama kwenye mwanga. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayejizuia asitukane:

"Ni nani alifanya hii? Mutu ametoboa mutoto masikio na musumari."

Akaingia ndani, akarudi na mkebe. Nilidhani ataniuzia. Alinipa mbili, moja ndogo na moja kubwa kidogo, akanifunga vidole juu yake kama mtu anayekupa ekaristi.

"Uku juu unavaa hii ndogo. Ukifika Kamanyola, mbele ya kuingia mu bonde, simama, vaa kubwa. Usiseme ati bado kidogo. Ukikimbia mu joto ya kule na ndogo, pistoni itakwama na utarudi na miguu. Ukipanda na ikianza kukohoa, simama, rudisha ndogo. Usibishane nayo."

"Twende pamoja, Masera."

"Nikienda watasema ni Masera aliipandisha. Kaa hapa chini, nikuone unabadilisha."

Alinifanyisha kazi hiyo uani mpaka mikono ikajua yenyewe: kufunga petroli, kulegeza kikombe cha karburateri, kutoa, kuvalisha, kufunga. Yeye alisali Salamu Maria kwa sauti, na nikichelewa kuliko sala, alianza upya na mimi pia.

Asubuhi niliyoondoka, mtoto nilimwacha kwa mama yangu. Sijui niseme nini kuhusu kushuka ule mlima. Ukungu nyuma, bonde la Ruzizi lote chini yangu limetandazwa kama mkeka, na mimi peke yangu, na kikwembe changu, yaani kitenge, kinapigwa na upepo, hakuna mtu wa kuniambia muongeze uji. Niliimba. Kamanyola nilisimama chini ya baraza la duka, nikavalisha ile kubwa, na watoto wakanitazama kama sinema. Luberizi wakanifungia mfuko wa mchele nyuma kwa kamba za mpira.

Wakati wa kurudi, chini ya mlima, ndipo nilipoliona lori moja la mchele, wanawake wa soko wamekaa juu ya magunia, na katikati yao abakosti. Tonton alikuwa amekuja kushuhudia mazishi.

Nilipanda mbele yao. Katikati ya mlima pikipiki ikaanza kukohoa, nikasimama pembeni kama nilivyoambiwa. Lori likanifikia, likasimama pia, kwa sababu dereva alipenda vituko. Tonton akaruka chini.

"Nilisema! Si nilisema? Imekufa!"

"Haijakufa, Tonton. Inabadilisha nguo."

Wanawake juu ya lori wakapiga vigelegele. Nilifungua karburateri, injini inachoma vidole, nikatoa kubwa, na ile ndogo nikaitoa kwenye fundo la kikwembe. Ikaniponyoka. Niliiona ikigonga jiwe, ikaruka, ikapotea kwenye changarawe. Nikainama kuitafuta. Bila ile, nisingefika juu na mfuko, na Tonton alijua: alikuwa amesimama palepale, karibu kabisa, ameshika kiuno, hasogei hata hatua.

Wanawake wakashuka wote, bila kuambiwa, wakapiga magoti wakipekua changarawe kama wanachambua mchele. Hakuna kitu. Mmoja wao, mama mzima wa Kadutu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, akainuka akamtazama Tonton kuanzia kola mpaka viatu.

"Citoyen, wote tunatafuta. Weye mbona hautembeye?"

"Minaangalia tu."

"Inua mguu."

Akainua mguu.

"Ule mwingine, papa."

Aliuinua polepole, kama anauinua mguu wa mtu mwingine. Jigleri ilikuwa imejibana kwenye soli, inang'aa. Sijawahi kusikia wanawake wakicheka vile. Dereva alilala juu ya usukani. Mama wa Kadutu akaichomoa kwa kibanio cha nywele, akanipa, akamwambia Tonton apande lori akae nyuma, juu ya matairi. Niliisafisha kwa petroli, nikaipuliza, nikaivalisha kabla Salamu Maria haijaisha. Pikipiki ikaamka kwa teke la kwanza. Lori sikulingoja. Lilipofika Bukavu nilikuwa nimeshateremsha mfuko mbele ya mlango wa wazee, na nimekaa juu yake, mama ameshaniletea mtoto, ninanyonyesha.

Miaka imepita. Masera walimhamishia nyumba ya masista wazee karibu na Nyantende. Juzi nilikwenda kumwona. Nilimkuta kwenye bustani ya kabichi, amekonda, mikono ileile. Sikio moja limefungwa kabisa, na la pili linachagua. Baada ya salamu hakuuliza habari za mume. Aliuliza, "Iko wapi?" Nikamwonyesha langoni. Akavua gambuti.

"Tuzunguke kidogo."

"Mamère amekataza, Masera. Ameniambia mwenyewe."

"Mamère analala saa hii."

Akapanda nyuma, gauni limekunjwa, na tukatoka. Hatukumaliza kona ya kwanza akaanza.

"Punguza! Sasa ongeza. Weye, iko na petroli mingi kidogo, minasikia."

"Unasikia na nini? Masista wanasema hata kengele ya kula husikii!"

"Na makalio! Mungu alifunga juu, akafungua chini. Umevalisha gani?"

Nikamwambia ukweli. Siku hizi sibadilishi tena kule Kamanyola. Nimetafuta ya katikati, si ya mlimani si ya bondeni, nikairekebisha mpaka ikakubali kushuka na kupanda nami kila wiki na mchele wangu, na buji inatoka na rangi nzuri. Alinipiga mgongo.

"Ile siyo nilikufundisha! Simama. Simama, nikuambie, tuifungue!"

Nilisimama kweli, katikati ya njia, nikageuka. Mwanamke huyu nilimwogopa tangu nikiwa na sare ya lisee.

"Masera, hatufungui kitu. Tukutuku hii ni yangu."

Akaangalia pembeni, akaweka kiganja nyuma ya sikio lake zima.

"Sema tena. Siko nasikia."

"Ni yangu!"

"Nguvu kidogo, mama. Niko muzee."

Nikapiga kelele mpaka watu waliokuwa wakipalilia maharage wakainuka na majembe yao kututazama: "NI YANGU!"

"Bien, muzuri," alisema Masera, na akanishika kiuno kwa mikono miwili. "Basi endesha."